Rishikesh mwezi wa Januari: uchambuzi kwa wewe uliyekwenda India kuuguza

Assalaam alaykum, na habari zenu nyote mnaonitazama. Karibuni.

Mmezoea kuniona na jiko la gesi au blenda hapa mezani. Leo mezani kuna shali hii ya sufu, mfuko huu wa mpira wa kuwekea maji ya moto, na soksi nene jozi mbili. Bidhaa ninayoichambua ni safari: siku sita Rishikesh, kaskazini mwa India, katikati ya Januari. Nitawaeleza nimelipia nini, nimepata nini, na nani asiende.

Nilikuwa Delhi namuuguza mama mdogo. Alifanyiwa upasuaji wa moyo, namshukuru Mungu ukaenda vizuri, ila daktari akatutaka tukae karibu wiki mbili zaidi kabla hajaruhusiwa kupanda ndege. Waliowahi kuuguza kule wanaelewa ninachosema. Unapanga chumba karibu na hospitali, unajua kila foleni ya dawa, unapika uji kwenye jiko la mwenye nyumba, na simu ya nyumbani inaita mchana na usiku: anaendeleaje, amekula, amelala? Nilikuwa nimemaliza mwezi sijalala usiku mzima hata mara moja. Binti yake alipokuja kunipokea zamu akaniambia, "Dada, toka kidogo. Nenda hata mbali, ukalale." Mama mwenye nyumba akasikia, akasema neno moja: Rishikesh.

Ni kama kilomita 240 kutoka Delhi, jimbo la Uttarakhand, pale mto Ganga unapotoka milimani na kuingia tambarare. Ni mji wa hija wa Wahindu, na ni mji wa yoga. Sasa mtauliza, kwa nini Januari, wakati wa baridi? Nami niliuliza hivyo hivyo. Jibu lake ndilo lililoifanya safari hii iwe na thamani.

Juu milimani kuna mahekalu manne makubwa ya hija: Yamunotri, Gangotri, Kedarnath na Badrinath. Rishikesh ni mlango wa kwenda huko. Kuanzia kama Aprili au Mei mahujaji wanapita pale kwa malaki, na kwenye masika yao, Julai na Agosti, kuna msafara mwingine mkubwa wa waumini wanaokuja kuchota maji ya mto. Lakini theluji ikianguka, mahekalu yale ya juu hufungwa. Sanamu za ibada huteremshwa kwa maandamano hadi makao ya baridi. Ya Kedarnath hukaa Ukhimath mpaka njia ifunguke tena. Kwa hiyo miezi ya baridi Rishikesh ni mlango usio na wapitaji. Vyumba vipo, mabenchi ya mtoni yapo wazi, na muuza chai ana muda wa kukuuliza umetoka wapi.

Usafiri. Nilipanda treni Delhi hadi Haridwar, kisha teksi ya kuchangia kama kilomita 25. Ukungu wa Januari kule hauna mchezo. Asubuhi hauoni hata jengo la jirani, na treni yetu ilifika saa tatu nyuma ya muda wake. Usipange kufika na kuunganisha kitu kingine siku hiyo hiyo, na wakati wa kurudi acha siku nzima katikati kabla ya ndege yako. Uwanja wa ndege upo karibu, Jolly Grant wa Dehradun, lakini ndege nazo huzuiwa na ukungu uleule.

Haya, chumba. Hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo wengi wetu tunapoumia. Nililala ashramu, yaani makazi ya kidini yanayopokea wageni, upande wa Swargashram, ng'ambo ya mto. Rupia 1,200 kwa usiku. Kwa kiwango nilichobadilishia ilikuwa kama shilingi elfu thelathini na sita za Tanzania. Safi, shuka nyeupe, dirisha linatazama mto. Nikaingia, nikavua viatu, nikahisi sakafu. Ni mawe, yamelala na baridi usiku kucha, na hakuna kitu chochote cha kupasha chumba joto. Nyumba nyingi kule zimejengwa kupambana na jua la Mei. Januari, nje mchana ni nyuzi kama 19 au 20, jua zuri, watu wameanika migongo yao. Ndani ya chumba ni baridi kuliko nje. Usiku inashuka hadi nyuzi 7 hivi. Kama umewahi kulala Njombe mwezi wa saba, ndiyo hiyo, ila ukiwa umelala kwenye baraza la mawe.

Usiku wa kwanza sikulala. Nilijifunika lile blanketi lao zito la pamba, wanaliita razai, nikavaa na koti juu, miguu ikakataa kupata joto. Asubuhi maji ya moto yalitoka kwa dakika chache tu kwenye ndoo. Nikaenda sokoni nikanunua hivi vitu mnavyoviona.

Tazameni mfuko huu. Mpira, kifuniko cha kukaza, ujazo wa lita mbili. Rupia 250. Unaomba maji ya moto jikoni saa mbili usiku, unaufunga kwa soksi usikuunguze, unauweka miguuni ndani ya razai. Hadi alfajiri nilipoamka kuswali bado ulikuwa na uvuguvugu. Katika vyote nilivyonunua India, huu ndio ulionilaza usingizi. Kagueni kifuniko kabla ya kulipa: utie maji, ugeuze kichwa chini, ubane. Wangu wa kwanza ulivuja pale pale dukani, muuzaji akanibadilishia bila maneno. Soksi ziwe za sufu, jozi mbili, moja ya kulalia tu isiyoguswa na unyevu. Na shali, kubwa ya kukufunika kuanzia kichwani hadi magotini. Hii ni rupia 900. Niliivaa darasani, niliivaa mtoni, niliikalia. Koti kubwa la kujaa halikunifaa, kwa sababu mchana jua linawaka unalibeba mkononi kutwa.

Sasa mto. Wapendwa, sijui kama kamera yangu imewatendea haki. Masika ukiuona Ganga ni rangi ya udongo. Januari barafu za juu hazijayeyuka, mvua hakuna, tope limetulia, na maji yanakuwa ya feruzi, unaona mawe chini. Mchanga wake mweupe una chembe zinazometameta juani. Kila siku baada ya adhuhuri nilikaa pale kwenye jiwe moja, saa mbili, tatu. Sikufanya kitu. Simu nilimwachia binti wa mapokezi anitunzie, nikamwambia akipiga mtu kutoka Delhi aje anifuate. Hakuja hata siku moja, alhamdulillahi. Siku ya tatu ndipo nilipogundua mabega yangu yameshuka. Nilikuwa nimeyabeba juu, karibu na masikio, mwezi mzima, bila kujua.

Tahadhari: msidanganyike na utulivu wa uso wa maji. Mkondo una nguvu sana, na kwenye ngazi za kuogea utaona minyororo iliyofungwa ili waogaji waishike. Wameifunga kwa sababu watu huchukuliwa na maji. Juni 2013 mafuriko yalishuka kutoka milimani yakang'oa hata sanamu kubwa ya Shiva, mungu wa Wahindu, iliyokuwa imesimama mtoni mbele ya ashramu ya Parmarth Niketan. Ukitaka kutia miguu, tia mahali penye ngazi na watu.

Jioni kuna ibada ya taa, aarti, pale Parmarth Niketan na pia kwenye ngazi za mtoni za Triveni Ghat upande wa mjini. Huanza jua likizama, na Januari jua linazama kabla ya saa kumi na mbili, kwa hiyo wahi. Wanaimba, wanazungusha taa za moto zenye matawi, na watu wanaelesha majini vikombe vya majani vyenye maua na utambi unaowaka. Mimi ni Muislamu, nilikaa nyuma kama mgeni nyumbani kwa watu, nimefunika kichwa, nimevua viatu, nimenyamaza. Hakuna aliyenilazimisha lolote. Nawaambia hili kwa sababu najua kuna dada atakayeniuliza. Kaa ulipo na imani yako, heshimu ya wenzako, utapokelewa.

Na chakula kimenirahisishia maisha. Mji ule nyama hairuhusiwi kuuzwa, wala pombe. Sikuwa na haja ya kuuliza kuku kachinjwa na nani. Maharage mekundu na wali, chapati nene zilizojazwa viazi, na msimu ule wa karoti nyekundu wanapika haluwa ya karoti kwa maziwa na samli, moto, unakula umeshika bakuli kwa mikono miwili. Chai ya tangawizi rupia 20. Unaagiza "chai" na unaletewa chai, unauliza "gari" na wanakuelewa, na bei ya laki ni laki. Masikio yangu yalipumzika kwa hilo tu.

Yoga sasa, maana ndiyo wengi mnaisubiri. Mji umejaa shule za kozi ya saa 200, ile inayokupa cheti cha ualimu. Hiyo ni bidhaa nyingine, mimi sikuinunua, siwezi kuisemea. Nilichonunua ni darasa la kulipia siku kwa siku, rupia 300. Nilipita sehemu tatu siku ya kwanza nikaomba kuangalia tu, na ninawashauri mfanye hivyo. Ya kwanza mwalimu alikuwa anatazama simu. Ya pili walikuwa vijana wenye viungo laini wakijipinda kupita uwezo wangu. Ya tatu ilikuwa chumba kidogo, mzee wa makamo, wanafunzi saba. Nikabaki hapo siku zote.

Darasa lilianza saa mbili asubuhi, kwa kuwa jua lenyewe linachomoza saa moja na robo. Wanaanza kwa kuimba Om, neno lao takatifu. Nilikuwa nimemweleza mwalimu mapema kwamba mimi ni Muislamu, naye akasema, wewe vuta pumzi tu. Nusu ya darasa ni pumzi: unaziba tundu moja la pua, unavuta kwa jingine, unabadilisha, polepole, hesabu ya nne. Kisha kunyoosha mgongo, nyonga, shingo. Mwisho unalala chali kimya. Siku ya nne nililala kweli, usingizi mzito. Nilipoamka wenzangu walikuwa wameshaondoka, mwalimu amenifunika blanketi, na yeye amekaa pembeni anasoma. Hakuniamsha. Nikalia pale, na wala sioni aibu kuwaambia.

Kuna jambo nililisikia kule likanigusa. Swami Sivananda, mtawa wa Kihindu aliyeanzisha moja ya ashramu kubwa za mji huo, alikuwa daktari aliyefanya kazi nchi ya Malaya, ambayo leo ni sehemu ya Malaysia, kabla ya kuja Rishikesh. Alipofika alifungua zahanati ya bure kwa mahujaji wagonjwa. Nimekuja pale kupumzika na uuguzaji, nakuta mji wenyewe una historia ya kuuguza.

Kwa haraka, mengine. Ile ashramu walikokaa The Beatles, ile bendi ya Waingereza, mwaka 1968 ni magofu ndani ya msitu wa hifadhi ya Rajaji, unalipa kiingilio, na mgeni analipa zaidi ya mwenyeji. Vijumba vya mawe vya kutafakari vinapendeza. Saa moja unusu inatosha. Daraja la kale la Lakshman Jhula lilifungwa 2019 kwa usalama, hivyo picha unazoziona mtandaoni nyingi ni za zamani. Mimi nilivukia Janki Setu, jipya la 2020, pana. Tumbili wa darajani wakiona mfuko wa plastiki hudhani ni chakula, kwa hiyo weka kila kitu ndani ya begi.

Kasoro. Ukimya hauko kila mahali. Upande wa mjini honi hazikomi, na mtaa wa Tapovan una mikahawa na muziki. Ijumaa jioni hadi Jumapili magari ya Delhi yanajaa hata Januari. Mwaka mpya usiende kabisa. Lala Swargashram, nenda Jumatatu, ondoka Ijumaa au Jumamosi mapema. Ashramu nyingi hufunga geti usiku, uliza saa. Beba pasipoti yenyewe, maana wanasajili kila mgeni wa nje na viza yake, na beba pesa taslimu, kwani wenyeji wanalipa kwa simu kwa mfumo ambao mgeni wa muda mfupi hupata shida kuutumia. Na kabla ya kusafiri kwenda India kutoka kwetu, uliza kama wanadai kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Wakiidai, iwe imetimiza siku 10 tangu uchanjwe.

Mgonjwa usimpeleke. Nasema kwa msisitizo. Baridi ya vyumba, ngazi, kutembea kwingi, na daktari wake yuko mbali. Nenda wewe unayeuguza, kama kuna mtu wa kuaminika wa kupokea zamu, na kama daktari amesema mgonjwa yuko salama. Kama huna wa kukupokea, usiondoke. Kama unaumwa mafua ya kifua au magoti yanakusumbua kwa baridi, subiri Februari mwishoni, hewa inapopata joto, kabla ya tamasha kubwa la yoga la Machi kuujaza mji.

Siku sita zote, na treni, chumba, chakula, madarasa na vitu hivi mezani, hazikufika rupia 17,000. Ningelipa tena kesho.

Nilirudi Delhi Jumamosi usiku. Mama mdogo alikuwa ameketi kitandani anakula papai. Akanitazama, akasema, "Uso wako umerudi." Sasa yuko kwake Lushoto, na huko nako asubuhi kuna baridi. Soksi na mfuko wa maji nabaki navyo. Shali hii naikunja baada ya video, basi la saa kumi na mbili asubuhi linaondoka nayo.