Stax SR-L300 au Sennheiser HD 600? Uzoefu wangu na hedifoni za elektrostatiki hapa Dar

Nianze na jibu kwa wasiopenda kusoma gazeti: kama unaishi ukanda wa pwani na una hela ya jozi moja tu, chukua za dainamiki. Mimi ninazo za aina zote mbili: Sennheiser HD 600, ambazo ni dainamiki, na Stax SR-L300, ambazo ni elektrostatiki. Zinazoshinda kwa sauti sizo ninazovaa kila siku, na hilo ndilo ninalotaka kulieleza.

Tuwekane sawa kwanza. Hedifoni karibu zote unazozikuta Kariakoo, kuanzia za elfu tano hadi za laki na ushee, ni dainamiki. Ndani mna sumaku, koili ya waya mwembamba na kipande cha plastiki kinachosukumwa na hiyo koili. Spika ya redio hiyohiyo, ila imefanywa ndogo. Wajerumani wa Beyerdynamic walitoa DT 48 mwaka 1937 na msingi haujabadilika tangu hapo. Elektrostatiki ni habari nyingine kabisa. Koili hakuna. Kuna utando wa plastiki wenye unene wa maikroni moja au mbili hivi, wakati unywele wa binadamu unafika 50 hadi 100, na utando huo umewambwa katikati ya sahani mbili zenye matundu. Unapewa chaji ya umeme, ambayo kwa Stax za sasa ni volti 580, halafu muziki unapitishwa kwenye zile sahani: moja ikivuta, nyingine inasukuma. Kwa kuwa utando hauna uzito wa maana na unasukumwa eneo lake lote kwa pamoja, unaanza upesi na kutulia upesi. Stax ni kampuni ya Japani, na jozi yao ya kwanza, SR-1, ilitoka mwaka 1960. Sennheiser nao waliwahi kuunda za aina hii, Orpheus ya mwaka 1991, ila hiyo tuwaachie matajiri.

Sasa volti 580 hazitoki kwenye simu. L300 ina plagi ya pini tano isiyoingia popote isipokuwa kwenye amplifaya yake maalumu, kwa hiyo ukisikia bei ya hedifoni peke yake, jua umetajiwa nusu ya habari. Mimi natumia SRM-252S, kile kiboksi chao kidogo kinachoenea kiganjani. Hedifoni na kiboksi vikiuzwa pamoja huitwa SRS-3100. HD 600 nazo si za kuchomeka popote ukategemea makubwa, maana zina ukinzani wa omu 300, unaodai amplifaya. Kwenye simu zinalia, ila sauti inakuwa imekonda. Tofauti ni kwamba HD 600 zinakubali amplifaya yoyote ndogo ya maana, hata ya mtumba, na zilizopo sokoni ni nyingi. Stax wanakufunga kwenye familia yao.

Kuhusu umeme nikae kidogo, maana maswali mengi ninayoulizwa yako hapo. Stax nyingi za mtumba zinatoka Japani kwenyewe, na umeme wa Japani ni volti 100. Wetu ni 230. Amplifaya zao kubwa, kama SRM-353X, zinachomeka moja kwa moja ukutani, kwa hiyo ukinunua toleo la Japani lazima uwe na transfoma ya kushusha umeme, la sivyo utaliunguza. Hicho kiboksi kidogo kinatumia DC ya volti 12 kupitia adapta. Adapta ya Kijapani unaiacha ndani ya kasha, unatafuta nyingine ya volti 12 hapahapa mjini. Angalia mchoro wa chanya na hasi uliochapwa nyuma ya kiboksi, kisha mwambie fundi aipime adapta kwa mita kabla hujachomeka chochote. Na kuna faida ambayo hakuna anayeitangaza: ile betri ndogo tunayofungia ruta ili intaneti isikatike, yenye tundu la volti 12, inaendesha kiboksi hiki pia. Umeme ukikatika naendelea kusikiliza.

Tuje kwenye sauti. Nasikiliza zaidi taarab ya Unguja na dansi la zamani, basi pimeni maneno yangu kwa kipimo hicho.

Kwenye taarab, L300 hazina mpinzani kati ya vyote nilivyowahi kuvaa. Chukua ganuni. Mpigaji anavaa vidonoo kwenye vidole vya shahada, anadonoa nyuzi zilizopangwa tatutatu kwa kila sauti. Kwa HD 600 nasikia sauti ya ganuni, nzuri, imekamilika. Kwa L300 nasikia kidonoo kinagusa, nyuzi zinaachia, halafu mlio unafifia wenyewe bila kumezwa na udi ulioko pembeni. Fidla nne zikipiga kwa pamoja hazigeuki kuwa donge moja. Mwimbaji anapovuta pumzi kabla ya kuingia kwenye ubeti, unaisikia ile pumzi.

Mjomba wangu alipiga fidla ujanani. Nikamwambia, "Mjomba, hebu vaa hizi," nikamwekea rekodi ambayo sote tunaijua kwa moyo. Akafumba macho, kimya, halafu akanyoosha kidole: "Huyo wa nyuma kachelewa! Umemsikia?" Sikuwahi kumsikia, na rekodi hiyo imo nyumbani tangu enzi za kaseti. Tukarudisha nyuma mara kadhaa, na kweli, fidla moja inaingia kwa kujikokota. Baadaye nikamwekea dansi. Akasikiliza kidogo, akazivua na kuuliza, "Sasa besi mmelificha wapi?"

Mzee hakukosea. Besi la L300 lipo na ni safi, unaweza kulifuata noti kwa noti, lakini halikugongi. Tumba zinasikika kama zimepigwa na mtu mwenye adabu nyingi. Kwenye dansi, ambako gitaa la besi na tumba ndiyo miguu ya wimbo, HD 600 zinanifurahisha zaidi, ingawa nazo huko chini kabisa zinaishiwa. Kama wewe ni mtu wa amapiano, usihangaike na yoyote kati ya hizi mbili. Chukua Beyerdynamic DT 770 Pro ya omu 80, zimefungwa nyuma, besi lake ni la uhakika, na bei ni nafuu.

Jambo jingine ni ubora wa faili. L300 hazimsitiri mtu. Rekodi ya zamani iliyohamishwa vizuri kutoka kwenye tepu inapendeza pamoja na mvumo wake wa tepu. Lakini zile MP3 tulizokuwa tunarushiana kwa Bluetooth, zilizobanwa zikabanwa tena, zinatoa sauti ya bati inayochosha masikio upesi. HD 600 zina huruma. Kama maktaba yako ni ya mafaili ya namna hiyo, hela ya Stax itakuwa imekwenda kufichua takataka.

Kuvaa sasa. L300 ni kubwa, za mstatili, plastiki tupu. Mgeni akizikuta mezani atadhani ni za wakalimani wa mkutano. Kichwani ni nyepesi kuliko zinavyoonekana na hazikabi. HD 600 zinakaba zikiwa mpya, baadaye zinalegea. Mito ya L300 ni ya ngozi bandia, na kwa joto la Februari hapa Dar ngozi bandia na jasho vinajuana haraka. Ya HD 600 ni ya kitambaa cha mahameli, afadhali. Waya wa L300 ni mpana na bapa kama utepe, na hauchomoki. Wa HD 600 unachomoka, na vipuri vyake, kuanzia mito hadi sponji, vinapatikana kirahisi mtandaoni. Ni modeli ya mwaka 1997 ambayo bado inatengenezwa, hilo si jambo dogo. Zote mbili ziko wazi nyuma, kwa hiyo muziki wako ni muziki wa chumba kizima. Usiku nikiongeza sauti naambiwa, "Baba watoto, na sisi tumesikia."

Halafu kuna unyevu, na hapa ndipo uamuzi wangu ulipolalia. Teknolojia yote ya elektrostatiki inategemea chaji ikae juu ya utando. Hewa yenye unyevu na chumvi inaivujisha chaji, na vumbi likiingia kati ya utando na sahani linafanya vivyo hivyo. Matokeo yake ni upande mmoja kupungua sauti au kuanza kukwaruza. Hii ni kwa hedifoni zote za aina hii, za kampuni yoyote. Kwa hiyo zangu hazilali nje. Nikimaliza zinaingia kwenye kontena la plastiki lenye mfuniko unaobana, pamoja na vifuko vya silika ambavyo navikausha kila vikilowa. Masika yakipamba moto nazitumia kwenye chumba chenye kiyoyozi tu, na siziweki karibu na dirisha linalotazama baharini. HD 600 zinaning'inia kwenye msumari ukutani mwaka mzima. Mtu wa Arusha, Iringa au Nairobi ana nafuu kubwa upande huu, ingawa vumbi nalo analo.

Usishtuke pia ukizivaa na kuzibana sikioni, ukasikia kitu kinakwaruza au kutoa mlio wa puu. Ni hewa inasukuma ule utando unagusana na sahani. Kwa elektrostatiki ni kawaida, si ubovu, mradi unatulia ukiachia.

Kwa bei, HD 600 mpya pamoja na amplifaya ndogo ni nafuu kuliko seti ya L300 na kiboksi chake. Ningekuwa naanza upya ningenunua HD 600 kwanza, nikae nazo, na L300 ningezitafuta baadaye kwa ajili ya taarab na sauti za waimbaji tu, kama ninavyozitumia sasa.

Ukizipata za mtumba, omba kuzisikiliza kabla ya kutoa hela, na si kwa dakika mbili. Ziwashe, ziache nusu saa zichaji, halafu weka sauti ya mtu mmoja iliyorekodiwa mono, yaani sauti ileile kushoto na kulia. Inatakiwa ikae katikati ya kichwa. Ikivutwa upande mmoja, zigeuze, kushoto iende kulia: mvuto ukihama pamoja na hedifoni, tatizo liko kwenye utando au amplifaya, ukibaki palepale, ni masikio yako mwenyewe. Muuzaji akikwambia hana muda wa hayo, rudisha hela yako mfukoni.