Kifurushi cha puja ya Diwali: vilivyomo, na nilivyolazimika kutafuta sokoni

Diwali ya 2025, sikukuu ya taa ya sisi Wahindu, ilikuwa ya kwanza kwetu bila Ba, mama mkwe wangu. Miaka yote niliyoishi naye hapa Upanga, Dar es Salaam, puja ya Lakshmi, yaani ibada ya mungu wa kike wa neema na mali, ilikuwa mikononi mwake. Mimi nilikuwa wa kutumwa: leta maji, chambua maua, pasha maziwa. Hakuwahi kuandika chochote, yote alikuwa nayo kichwani. Wiki moja kabla ya sikukuu nikashuka Kisutu, nikanunua kifurushi kilichofungwa tayari kutoka India, shilingi 45,000. Nimeona niwaeleze kilivyonifaa na kilivyonikwamisha, maana najua wapo wengi ambao wazee wao wametangulia na wanaogopa kukosea.

Nianze na uzuri wake. Vile vidogovidogo vinavyosahaulika vimo vyote, kila kimoja na kipakiti chake: kumkum (unga mwekundu wa ibada), manjano, unga wa sandali, popoo, uzi mwekundu, kafuri, janoi (uzi mtakatifu) ya Ganesh, mungu mwenye kichwa cha tembo, maji ya mto Ganga kwenye kichupa cha ukubwa wa kidole gumba, na picha ya Lakshmi akiwa kati ya Ganesh na Saraswati, mungu wa kike wa elimu. Ukivitafuta kimoja kimoja utazunguka maduka mpaka uchoke, na bado utafika nyumbani ukumbuke hukununua popoo. Tambi zilikuwa za aina mbili, ndefu za taa za mafuta na zile za duara, zenye ncha, za kuchovya kwenye samli kwa ajili ya aarti, yaani kuzungusha taa mbele ya Mungu. Zimesokotwa vizuri, hakuna hata moja iliyozimika katikati.

Sasa samli. Ndani mlikuwa na kikopo kimeandikwa samli ya puja. Nilikuwa nimeshakifungua nichanganye panchamrut, yaani maziwa, mtindi, samli, asali na sukari, ambayo baada ya kutolewa kwa Mungu hunywewa na nyumba nzima, watoto wakiwemo. Binti yangu ndiye aliyesoma maandishi madogo ubavuni: haifai kuliwa, ni ya kuwashia taa tu. Nilishtuka sana. Kinachokwenda mbele ya Lakshmi kisha kinarudi mdomoni mwa mtoto kiwe chakula safi. Tafadhali geuzeni kikopo msome kabla ya kuchota, na samli ya panchamrut itoke jikoni kwenu.

Taa za udongo zilikuwa kumi na mbili, nzuri kwa macho, lakini ukitia mafuta zikiwa kavu zinayanywa na kuacha duara la mafuta sakafuni. Ba alikuwa anazilowesha kwenye ndoo ya maji tangu asubuhi, kisha anazianika. Kwenye boksi hakuna neno kuhusu hilo. Nilikumbuka baada ya taa ya tatu.

Nazi iliyokuja nayo ilikuwa kavu, ndogo, ukiitikisa kimya, na haina shungi. Nazi ya kalash inatakiwa iwe na shungi lake, ikae juu ya kalash yenyewe, chungu cha shaba, kati ya majani ya mwembe. Nikaenda sokoni, na kama mjuavyo, wauza nazi wetu wanafua mpaka inabaki kipara. Nikamwomba yule kijana aniachie nyuzi za juu. Akaniuliza, "Mama, hayo manyoya si yatakusumbua kuvunja?" Nikamwambia, "Haivunjwi leo kaka, hii inakaa mbele ya Mungu." Basi akabadilisha mkono, akafua polepole akizunguka yale macho matatu, akaacha shungi limesimama vizuri, na pesa ya kufua akaikataa.

Kingine cha kuangalia ni saa. Karatasi ya ndani ilitaja muda wa puja Jumatatu ya Oktoba 20 kuwa saa moja na dakika kadhaa usiku, kwa saa za India. Mume wangu akatoa saa mbili na nusu, tofauti ya saa zao na zetu, akapata saa kumi na nusu jioni. Jua bado kali! Puja ya Lakshmi inafanywa jua likishazama, na jua la hapo ulipo, si la Delhi. Dar mwezi huo linazama kama saa kumi na mbili na robo, nasi tukaanza hapo. Mwaka Mpya wetu wa Kigujarati, 2082 kwa kalenda ya Vikram, uliingia Jumatano, maana katikati kulikuwa na siku ya dhoko, yaani siku tupu kati ya Diwali na Mwaka Mpya, na hilo pia karatasi haikulisema.

Kijitabu cha maelekezo kina Kisanskriti na Kihindi tu. Watoto wangu wanaongea Kigujarati lakini hawakisomi, sembuse hizo. Nikampigia simu maharaj, kuhani wetu, akanitajia mpangilio: Ganesh kwanza, kisha kalash, kisha Lakshmi, kisha vitabu vya hesabu, mwisho aarti. Nikauandika kwa herufi za kawaida nikaubandika kwenye mlango wa kabati. Hesabu za duka letu siku hizi ziko kwenye kompyuta, lakini daftari jekundu tunanunua kila mwaka. Mwanangu, ana miaka kumi na miwili, alichora neno Shri, jina la heshima la Lakshmi, kwa kumkum kwenye ukurasa wa kwanza: moja juu, mbili chini yake, tatu, mpaka saba. Mstari wa tano mkono ulimtetemeka, ukapinda. Hatukuufuta.

Nitakinunua tena kabla ya Novemba 8, Diwali ya 2026. Ombi langu kwa wanaovileta ni karatasi moja tu ndani ya boksi, ya Kigujarati kwa herufi za Kilatini au ya Kiswahili, yenye mpangilio wa puja, saa za huku kwetu, na onyo la ile samli kwa maandishi makubwa.