Kudai fidia ya figo VA: uzoefu wangu na afisa wa maveterani wa kaunti

Sisi Waafrika Mashariki tuliopitia Jeshi la Marekani tunaulizana sana kuhusu fidia ya ulemavu ya VA, idara ya Marekani inayohudumia askari wa zamani: magoti, mgongo, masikio. Figo hazitajwi, na zinaua. Naomba niieleze huduma iliyonisaidia, ya afisa wa maveterani wa kaunti mwenye kibali cha VA. Hatozi hata senti.

Kabla yake kampuni moja ilikuwa imenipigia simu ikitaka fungu la malipo yangu. Sheria hairuhusu mtu yeyote, hata wakili, kutoza ada kwa kutayarisha dai la kwanza. Niliachana nao.

Afisa wangu wa kaunti, ambaye ni mama, alisoma faili langu la matibabu la jeshini ukurasa kwa ukurasa. Hakuanza na figo, alianza na presha, kwa sababu vipimo vyangu vya juu viliandikwa nikiwa bado kazini. Ikithibitika kwamba presha ilianza jeshini, figo zilizoharibiwa nayo zinadaiwa kama matokeo yake, hata kama ziliumwa miaka mingi baada ya kuvua sare. Wenzetu wengi wanakata tamaa hapa, eti hawakuugua figo kambini!

Halafu barua ya daktari. Neno "huenda" halitoshi. Daktari wangu wa figo aliandika kwamba uwezekano wa presha kuwa chanzo ni angalau asilimia 50, akaeleza sababu zake za kitabibu. Ushahidi ukilingana pande zote mbili, anayepewa haki ni askari.

Tangu 2021 kiwango cha ulemavu hutegemea zaidi GFR, yaani kasi ya figo kuchuja damu, ikibaki chini kwa miezi 3 mfululizo au zaidi. GFR ya 45 hadi 59 ni asilimia 30. 30 hadi 44 ni 60. 15 hadi 29 ni 80. Chini ya 15, au ukiwa kwenye dayalisisi, ni 100. Yangu ilikuwa 41, nikapewa 60.

Ninachomshukuru zaidi ni kwamba siku ile ile ya kwanza alituma taarifa ya nia ya kudai. Taarifa hiyo hukushikia tarehe kwa mwaka mzima unapokusanya vyeti, na malipo yangu yalihesabiwa kuanzia hapo.

Kasoro ni moja: miadi hupatikana kwa shida, watu ni wengi. Ukiipata, nenda na DD-214 (hati ya kutoka jeshini), majibu yote ya kreatinini (kipimo cha damu kinachoonyesha hali ya figo) na orodha ya dawa zako.