Mashine ya maskio ya Bibi: yafaa pesa yake ama?

Wengi mmeniuliza inbox kuhusu ile mashine ya kuskilia ya Bibi, kama yafanya kazi kweli ama ni pesa ya kutupa, basi naandika hapa mara moja nisirudie rudie. Yafanya kazi. Lakini si vile mwenye duka atakavyokwambia, na kuna mambo wallahi hakuna aliyetwambia mpaka tukayaona wenyewe.

Mjue pia hatukuanza na maskio. Bibi alikuwa ameacha kutoka. Huyu ni mtu wa Majengo hapa Mombasa, mtu wa maulidi, chama cha kina mama hakosi, alafu polepole akaanza kukataa, arusi haendi, jioni wenziwe wako barazani yeye yuko ndani amejilaza, ukimuuliza asema "nimechoka mwanangu" basi. Nyumbani kila mtu na lake. Mjomba akasema tayari ameanza kusahau manake ukimuuliza hili yeye ajibu lile, na shangazi akasema mwacheni ni utu uzima.

Tulipompeleka kliniki daktari, mama mmoja mpole sana, akamuuliza yale maswali 15 ya ndio ama la wanayopimia depresheni kwa wazee, kama umeacha mambo uliyokuwa ukiyapenda, kama wapendelea kukaa nyumbani kuliko kutoka. Bibi akawa ajibu huku amemkazia macho mdomoni. Daktari akavaa barakoa yake akauliza swali jingine, Bibi kimya! Akaivua akauliza lile lile, akajibiwa. Hapo hapo akatwambia kabla hajaandika dawa yoyote apelekwe kwa mtu wa maskio.

Manake uzee ukiingia maskioni mara nyingi huanza na zile sauti nyembamba, s, f, sh, kwa hivyo mtu mzima askia kuwa waongea lakini maneno yamfikia yamekatika katika, na ukipiga kelele wamuumiza tu. Sasa kaa na watu wacheka na wewe hujui wacheka nini, utavumilia leo na kesho, keshokutwa utabaki chumbani kwako. Kuna jopo la wataalamu wa jarida la udaktari la Lancet, mwaka 2024 walitaja vitu 14 vinavyochangia ugonjwa wa kusahau na ambavyo vyaweza kupunguzwa, kutoskia imo, upweke umo, na depresheni pia imo. Kwa Bibi yetu yote matatu yalikuwa yashikana mkono.

Haya, duka. Silitaji, liko mjini, ghorofa ya pili na lifti mbovu. Duka la wazee jamani! Bibi alipanda ngazi apumzika kila kona. Kipimo chenyewe lakini ni kizuri sina neno, wakamtoa nta kwanza, wakamtia kwa kichumba kisichoingia sauti na hedifoni, akiskia mlio abonyeza kidude, alafu wakamtia sikioni kitu laini kama unga wa chapati kuchukua umbo la sikio lake. Kilichoniudhi ni yule kijana wa kurekebisha sauti, maswali yote aniuliza mimi, "bibi askia vizuri? bibi yamsumbua?" mpaka Bibi mwenyewe akamwambia "kijana, niliyevaa ni mimi, sema na mimi." Akaona haya, lakini ziara iliyofuata karudia yale yale.

Bei ndio usiseme. Sikio moja zaidi ya elfu hamsini, na mtu ana maskio mawili, ikabidi tuchange ukoo mzima mpaka ndugu walioko Ghuba. Pesa ya wazee ya Inua Jamii, ule mpango wa serikali, ni 2,000 kwa mwezi, piga hesabu, sikio moja ni zaidi ya miaka miwili bila kula. Kuna vile vidude rahisi vya onlaini vya elfu mbili tatu, binamu yangu alimnunulia babake, vyakuza kila kitu sawa sawa, feni, tuktuk, sufuria, mzee alikivua siku hiyo hiyo na hajakigusa tena.

Hata hii ya maana mwanzo ni taabu. Bibi alishtuka kuskia kandambili zake mwenyewe. Mvalishe saa chache kwa siku, ndani ya nyumba, na mtu mmoja mmoja, usimkurupushe kumpeleka arusini. Mtandio ukibana yapiga mluzi, kwa hivyo sasa aufunga kwa nyuma kidogo. Kila udhu aivua, na aiweke mahali pamoja sio leo dirishani kesho chini ya mto wa kitanda. Na hili joto letu la Mombasa na jasho, usiku ilale kwenye kikopo chenye zile chembe za kunyonya unyevu, vinginevyo maji yaingia kwenye kijimpira na sauti yakata. Betri zake ni namba 13, zile za kibandiko cha rangi ya chungwa, ukishabandua ngoja kama dakika moja iingie hewa ndio utie, na usibandue ya akiba mapema manake yaanza kuisha hata ukiiweka kabatini.

Sasa je amebadilika? Barazani amerudi. Simu ya shangazi aipokea mwenyewe, na umbea wa mtaa wamfikia tena yeye kwanza, mimi wanifikia kupitia kwake. Mjomba ile habari ya kusahau haitaji tena, hasa tangu Bibi amkumbushe deni lake. Lakini penye spika za taarabu aivua aitia mkobani, asema yampasua kichwa. Na mashine haikumrudishia wenziwe waliotangulia, kuna siku bado moyo mzito na hataki mtu, kwa hivyo yule daktari mama twaendelea kumuona. Mkiambiwa mashine yatibu upweke mkatae.

Mashine naipa nyota nne. Duka mbili na nusu, na nusu ni ya yule aliyepima. Wakitengeneza lifti na yule kijana akijifunza kuongea na mwenye sikio, nitakuja kuongeza.