Ramani ya nyumba ya familia kwenye mteremko wa Goba: nyota nne, ya tano nimewanyima

Wengi mmeniuliza nani kanichorea ramani, kwa hiyo naandika mara moja nisije nikarudia kwa kila mtu. Jina la ofisi siliweki wazi maana wataanza kusema nimelipwa, anayelitaka aje inboksi. Ni ofisi ndogo tu, dada mmoja msanifu majengo aliyesajiliwa na bodi pamoja na kijana wake wa kupima, wala hawana bango barabarani. Nawapa nyota nne kati ya tano na nitasema yote, yaliyonifurahisha na yaliyonikera, tena yaliyonikera si kidogo.

Kiwanja kwanza maana bila hicho hamtanielewa. Kipo Goba, Dar es Salaam, mita 25 kwa 30, barabara ipo juu na kiwanja kinashuka kuelekea bondeni. Anayeijua Goba, Madale au Kimara ya huko ndani ndani anajua ninachosema, dalali anakupeleka wakati wa kiangazi unapigwa na upepo mzuri, unasifia view, unaanza kuongelea bei, hakuna anayekwambia kwamba kutoka bikoni za juu, yale mawe ya mpaka, mpaka bikoni za chini kuna tofauti ya mita nne na nusu. Ukigawa kwa zile mita 30 za kushuka, hiyo ni asilimia 15. Si mlima wa kutisha ila si kiwanja cha kuwekea ramani yoyote uliyoipenda kwenye simu.

Kabla ya huyu dada niliongea na jamaa mmoja anayeuza ramani mtandaoni, wafuasi kibao, picha kali. Namwambia kiwanja kina mteremko, ananiuliza "vyumba vingapi bosi?" Namwambia tena mteremko, ananirushia WhatsApp lundo la picha, nyumba zote zimekaa kwenye nyasi tambarare kama uwanja wa mpira, halafu anamalizia "msingi fundi atajua huko huko saiti." Sasa fundi atajua nini aisee, fundi atakachofanya ni kuinua kozi za tofali upande wa chini mpaka zilingane na upande wa juu, na kila kozi anayoinua hela inatoka kwako si kwa mwenye ramani. Nikaishia hapo hapo.

Huyu dada swali lake la kwanza lilikuwa barabara ipo juu ya kiwanja au chini. La pili, nani ataishi humo ndani na kuna mtu mwenye magoti mabovu? Vyumba hakuviulizia kabisa siku hiyo. Akasema hachori mstari mpaka kijana wake apime, na kupima kunalipiwa peke yake, mimi nikanuna kidogo maana kwenye hati si kuna vipimo tayari, lakini hati inakuonyesha mipaka tu, haikwambii ardhi inapanda wapi na kushuka wapi.

Kijana akaja na mashine yake ya kupimia. Ila kilichonifurahisha ni fundi wangu wa siku nyingi ambaye mashine haimwingii akilini, akaleta ule mpira wake mweupe wa levo, akaujaza maji, akaupiga piga na kidole kutoa mapovu, huku kashika yeye kule kashika msaidizi wake, wanapigiana kelele "shusha! shusha kidogo! hapo hapo!" wanachora alama kwenye vigingi. Wakalinganisha na za kijana wa mashine, vigingi vikapishana kidogo sana, upana wa kidole. Toka siku hiyo fundi akaanza kuziheshimu zile karatasi, na kwangu hilo peke yake lilikuwa na thamani maana fundi asiyeiamini ramani anajenga ya kwake kichwani.

Baada ya wiki hivi dada akanionyesha ramani ya kontua, ile mistari inayoonyesha urefu wa ardhi, na hapo hapo akanipigia hesabu ambayo nadhani kila mwenye kiwanja cha mlimani apigiwe kabla hajanunua hata tofali moja. Nyumba tuliyokuwa tunaiwaza ni mita 14 kwa 12, zile 12 ndo zinafuata mteremko. Kwa asilimia 15 maana yake kutoka ukuta wa juu mpaka ukuta wa chini ardhi inashuka mita 1.8. Ukitaka sakafu moja iliyonyooka usawa wa juu, unajaza kifusi ambacho kwa chini kina kimo cha mtu, ukizidisha inakuja kyubiki, yaani mita za ujazo, kama 150. Lori linalobeba kyubiki sita litapiga tripu 25. Na hicho kifusi hakimwagwi tu, kinatakiwa kiwekwe tabaka tabaka za sentimita 15 mpaka 20, kumwagia maji na kushindilia kwa kompakta kila tabaka, ukiruka hapo miaka miwili mbele taili za sebuleni zinalia na ukuta unapiga ufa wa mshazari kwenye kona ya dirisha, mmeshaona nyumba nyingi tu za hivyo.

Akasema sasa tuikate nyumba katikati. Nusu ya juu sakafu yake, nusu ya chini sakafu yake, tofauti sentimita 90. Kifusi kinashuka mpaka kyubiki 75 na kitu, yaani nusu kamili, na ukuta mrefu kabisa wa msingi unakuwa sentimita 90 badala ya mita 1.8. Na kumbe nguvu ya udongo kusukuma ukuta haipungui nusu, ukipunguza kimo kwa nusu msukumo unabaki robo. Hilo mi sikuwa nalijua na fundi naye hakulijua, alikaa kimya muda akipiga hesabu ya nondo ambazo hazitanunuliwa. Sentimita 90 ni ngazi sita za sentimita 15 kila moja, hata mtoto anapanda.

Ramani yenyewe sasa. Nusu ya juu, upande wa barabara: sebule, dainingi, jiko na stoo yake, choo cha wageni, na chumba kimoja chenye choo ndani ambacho ni cha bi mkubwa. Nusu ya chini: masta, vyumba viwili vya watoto, bafu lao, na kibaraza kinachotokea bustanini. Bi mkubwa hapandi ngazi hata moja kwa siku nzima, anatoka chumbani kwake, anakula, anapika akitaka, anakaa kibarazani mbele anaangalia wapita njia. Na kutoka getini mpaka mlangoni kuna mshuko wa mita 1.2, mtu mwingine angeweka ngazi nane akamaliza, huyu akaweka njia ya kutembea inayokata mteremko kwa ubavu, mita 14 na ushee, kila ukitembea mita 12 umeshuka moja tu. Bi mkubwa alipoletwa saiti tukachora na chokaa chini, vyumba vyote, milango yote, akatembea na fimbo yake taratibu kutoka getini, akafika "jikoni" akasimama, akauliza "na mkaa nitaweka wapi mwanangu?" Dada wa watu akavuta kalamu akaongeza kakibanda nje ya mlango wa jiko. Pointi kubwa sana kwangu hiyo, wachoraji wengi jiko lao ni la gesi na picha ya tufaa mezani, wakati maharage sisi tunachemshia nje.

Upande wa maji taka ndo niliona tofauti ya mtu anayefikiria na mtu anayechora tu. Choo lazima kishuke, bomba la inchi 4 linataka mshuko kama sentimita mbili na nusu kwa kila mita, kwenye mteremko unasema afadhali, mshuko ninao wa bure, unapeleka shimo mwisho kabisa wa kiwanja kule bondeni. Halafu siku limejaa? Gari la kunyonya lipo barabarani juu, shimo lipo mita 29 kutoka hapo kule bondeni, mpira haufiki, na hata ukifika pampu ya kunyonya ina mwisho wake, kunyonya kutoka chini sana kwenda juu inashindwa. Jirani yangu wa pili analo tatizo hilo, analipia vijana wa ndoo usiku. Mimi vyoo vyote vimepangwa ubavu mmoja wa nyumba vikifuatana kushuka, bomba moja, chemba kwenye kila kona, na shimo lipo kwenye kona ya chini ya nyumba, kama mita 20 kutoka barabarani na geti dogo la pembeni la kupitisha mpira. Maji yanayotoka hapo ndo yanaenda kwenye shimo lingine la kuyaacha yanyonywe na ardhi kule chini zaidi.

Maji ya mvua nayo: barabara ikiwa juu yako, masika yote ya mtaa yanapita getini kwako. Kaweka mtaro wenye wavu wa chuma kuvuka geti, na mwingine nyuma ya ukuta wa juu wa nyumba unaozunguka pande zote mbili, ili maji yasigonge ukuta wa sebule. Msingi wa juu umevalishwa nailoni nzito kuzuia unyevu. Jirani wa chini alishaanza kuuliza maji yangu nitayapeleka wapi, nikamwonyesha mchoro, yanaingia kwenye mtaro wa mtaa uliopo pembeni, akatulia.

Madirisha makubwa yapo kaskazini na kusini ili kusi na kaskazi zote zipite ndani. Hapo sina maneno.

Haya sasa nyota ya tano ilikokwenda.

Kuchelewa. Aliahidi wiki tatu ikawa miezi miwili na zaidi, simu anapokea vizuri kabisa na kwa heshima zote, "kesho kaka yangu", kesho haifiki. Ukiwa na fundi anasubiri na bei ya saruji hujui kesho itaamkaje, hiyo "kesho kaka yangu" inauma.

Pili, masta alikuwa ameiwekea dirisha kubwa magharibi, eti kwa ajili ya kuangalia jua linazama. Dar es Salaam! Saa kumi jioni chumba kinakuwa tanuri na feni inazungusha joto tu. Nilibishana naye, akalipunguza na kuliongezea kivuli juu, lakini mtu makini hivi angeliona mwenyewe.

Tatu na kubwa kuliko zote, michoro ya injinia, ile ya zege na nondo, haikuwepo kwenye bei. Kwenye kiwanja tambarare labda unalegeza lakini hapa kuna ukuta wa kushikilia udongo katikati ya nyumba, huwezi kumwachia fundi akadirie. Kwa hiyo nikatoa milioni moja na nusu kwa dada, laki nne za kupima, halafu tena nikamtafuta injinia na kumlipa kivyake. Si kwamba alinidanganya, kwenye makubaliano ilikuwa imeandikwa kwa herufi ndogo chini, ila kwa mteja wa mteremko hilo neno lilipaswa kuwa la kwanza kutamkwa. Ukienda kwake ulizia hilo kabla ya chai.

Nne, vipimo vyote kaandika kwa milimita. Fundi wangu anaongea futi. Ilibidi tukae naye jioni nzima na kalkuleta tunaandika futi kwa kalamu nyekundu pembeni ya kila ukuta, ndipo akaridhika.

Kuhusu paa alipendekeza lile la kujificha nyuma ya vikuta, la kisasa, nikakataa. Nyumba ya sakafu mbili zinazopishana ina mapaa mawili yanayopishana urefu tayari, ukianza kuyazungushia na vikuta unatengeneza sehemu za maji kutuama. Akachora paa la kawaida lenye mshuko, la juu linamwaga nje kwa pembeni halimwagi juu ya la chini. Hakuleta ubishi. Na wa barabarani wanaliona paa langu kabla ya kuiona nyumba, basi waone bati zuri.

Kibali Manispaa ya Ubungo sikusumbuliwa na michoro, ilikuwa na mihuri yake yote, ya msanifu na ya injinia, walichonirudisha nacho ni risiti ya kodi ya ardhi tu. Wenye haraka mnaodhani mtachora kwa kijana wa kompyuta halafu mtafute muhuri mtaani, shauri yenu.

Saiti kwa sasa msingi umekamilika, ukuta wa katikati umesimama na matundu yake ya kutolea maji, jamvi, ile zege ya sakafu, la juu limemwagwa na la chini linasubiri kifusi kishindiliwe tabaka mbili za mwisho. Anayetaka namba ya dada au ya injinia aje, na ya kijana wa kupima ninayo pia, huyo peke yake ningempa tano bila kufikiria.