Ofisi ya Nakuru Inayopanga Safari za Ng'ambo: Hodari Jangwani, Dhaifu Thelujini

Ofisi moja ya wapangaji wa safari katikati ya mji wa Nakuru, ambayo kazi yake ya kila siku ni kuwapeleka watu Maasai Mara na Mombasa, huwaandalia pia wateja ratiba za kujiendeshea gari katika nchi za ng'ambo. Niliwaomba ratiba ya familia ya watu wanne, ya mwezi wa Desemba, kutoka Las Vegas anakoishi mpwa wangu, kupitia jangwa la Death Valley hadi milima ya Sierra Nevada, California. Ada yao ni Sh15,000, nusu hulipwa mwanzoni na nusu mwishoni.

Sehemu ya jangwa imeandaliwa kwa ustadi. Kule ambako joto lilifikia nyuzi 56.7 mwezi wa Julai 1913, mchana wa Desemba huwa wa kupendeza na usiku huwa wa baridi kali, na ratiba ilieleza mavazi ya nyakati zote mbili. Aliyeiandika alikumbuka jambo ambalo sisi wa ikweta hulisahau kwa urahisi, kwamba majira hayo jua huko huzama kabla ya saa kumi na moja jioni, kwa hiyo kila siku ya safari ilipangwa kuishia mapema. Tulishauriwa kujaza tangi Pahrump kabla ya kuingia hifadhini, kwa kuwa vituo vya mafuta ndani ni vichache na bei yake ni ya juu, na tulipewa ramani ya karatasi kwa sababu sehemu kubwa ya bonde haina mtandao wa simu. Hata kituo cha Badwater, kilicho mita 86 chini ya usawa wa bahari, kilitengewa muda wa kutosha.

Mlimani mambo yalikuwa mengine. Milima hiyohiyo huyazuia mawingu ya Pasifiki, ikajitwalia theluji na kuliacha bonde kavu, lakini ratiba ya kwanza ilipanga safari kana kwamba theluji hiyo haipo. Ilitutoa Lone Pine kwa barabara ya US 395 hadi Lee Vining, kisha ikatuvusha njia ya mlimani ya Tioga Pass, yenye kimo cha mita 3,031, kuingia hifadhi ya Yosemite. Barabara hiyo kwa kawaida hufungwa kuanzia Novemba hadi Mei au Juni. Nilipouliza, mhudumu alijibu kwa upole kwamba watu waliozoea kupanda Timboroa hawawezi kushindwa na mlima. Jibu hilo ndilo kiini cha udhaifu wao. Timboroa iko zaidi ya mita 2,700 juu ya usawa wa bahari, ilhali Conway Summit, sehemu ya juu kabisa ya US 395, ina mita 2,482 tu; hata hivyo ya kwetu imekaa karibu na ikweta na ile iko nyuzi 38 kaskazini, na kimo bila majira hakimwambii dereva lolote.

Walisahihisha bila kudai ada zaidi, na ratiba ya pili iliishia Mammoth Lakes, kisha ikarudi kwa njia ileile. Iliagiza minyororo ya kufungwa kwenye magurudumu ili gari lisiteleze thelujini, jambo la lazima, kwani kwenye R3, daraja kali kuliko yote la masharti ya minyororo ya California, hakuna gari linalosamehewa, hata linalovuta kwa magurudumu yote manne. Haikutaja kwamba mikataba mingi ya magari ya kukodi hukataza kufunga minyororo hiyo. Muda wa kutoka Bishop hadi Mammoth pia ulihesabiwa kwa lami kavu, ingawa kipande hicho hupanda zaidi ya mita 1,000.

Kuhusu kibali cha kimataifa cha udereva, walituelekeza vizuri kwa AA Kenya.

Kwa safari ya jangwani pekee, ningelipa tena bila kusita. Anayetaka kufika kwenye theluji azuie nusu ya pili ya ada hadi atakapokagua kila barabara ya mlimani katika tovuti ya Caltrans, idara ya uchukuzi ya California, na aisome sehemu ya minyororo katika mkataba wa gari kabla ya kutia saini.