H5P kwenye duka la mtandaoni: mchezo mzuri wa bure, ila usiutegemee kugawa punguzo

H5P ni programu ya kutengeneza michezo na mazoezi ya kubofya ndani ya kurasa za tovuti. Ilizaliwa Norway mwaka 2013, ikaendelezwa na kampuni ya Joubel kwa ajili ya walimu. Mwenye biashara alijue hilo mapema, kwa sababu uzuri wake na upungufu wake vyote vinatoka hapo. Ni ya bure, ina leseni ya MIT inayoruhusu yeyote kuitumia na kuibadilisha, na kwenye WordPress, mfumo wa kujengea tovuti, inawekwa kama plagini (programu ya nyongeza) nyingine yoyote. Hakuna ada ya mwezi. Kwa duka dogo linalotaka mgeni abaki kwenye ukurasa na kuijua bidhaa, ndiyo ya kujaribu kwanza.

Ndani yake kuna michezo mingi, lakini unaofaa duka zaidi ni Memory Game, ule wa kufunua kadi na kutafuta jozi. Wengi huutumia vibaya kwa kuweka picha ileile mara mbili. Fomu ya kuutengeneza inaruhusu kila kadi kuwa na mwenzake wa picha tofauti, na hapo ndipo biashara ilipo. Duka la viungo liweke punje za iliki kwenye kadi moja na pakiti ya iliki linayouza kwenye nyingine. Ganda la mdalasini, kisha pakiti ya mdalasini. Jozi ikipatikana, kinafunguka kisanduku cha maelezo. Andika sentensi moja tu: uzito wa pakiti, na kama inakwenda kwenye chai au kwenye pilau. Mchezaji anayesoma vijisanduku hivyo ameshapitia rafu yako bila kusukumwa.

Jozi 8 zinatosha, yaani kadi 16, zinazopangika 4 kwa 4. Ukizidisha, kwenye simu kadi zinakuwa ndogo mno kwa kidole gumba.

Picha ndizo zinazoua mchezo huu. H5P haiziingizi kwenye maktaba ya picha ya WordPress. Inazihifadhi kwenye folda yake, wp-content/uploads/h5p, kwa hiyo plagini ya kubana picha kwa kawaida haizifikii. Ukipakia picha 16 za kamera zenye MB 3 kila moja, mgeni anachomwa MB 48 za bando kwa mchezo wa dakika mbili. Zikate ziwe za mraba, piseli 300 kwa 300, uzibane kila moja hadi chini ya KB 30, ndipo uzipakie. Jumla haitafika hata MB 1. Na usiuweke mchezo juu kabisa ya ukurasa wa mwanzo: H5P inabeba mafaili mengi ya JavaScript, yaani msimbo unaoendeshwa na kivinjari, na Google inataka kitu kikubwa kuliko vyote kwenye sehemu ya ukurasa inayoonekana kwanza kitokee ndani ya sekunde 2.5. Uweke chini ya bidhaa, au uupe ukurasa wake.

Usakinishaji ukigoma, anza na seva. H5P inahitaji viendelezi vya zip na mbstring vya PHP, lugha inayoendesha WordPress kwenye seva, na PHP isiporekebishwa inapokea faili la MB 2 tu, wakati vifurushi vya michezo huzidi hapo. Mwombe anayekuhifadhia tovuti apandishe kiwango hicho. Mchezo ukionekana kama nafasi nyeupe, sababu huwa mojawapo ya mbili: plagini ya kache (ya kuharakisha tovuti) inachelewesha au kuunganisha JavaScript, basi iambie iyaache mafaili ya H5P, au mchezo umewekwa ndani ya kichupo (tab) kilichofungwa, ukakosa kupima kimo chake. Utoe humo.

Maneno ya vitufe unayabadilisha mwenyewe chini kabisa ya fomu. Yaandike kwa Kiswahili yote, yakiwemo yale yanayosomwa na programu za wasioona. Pia zima upau wa chini wa mchezo. Ukiuacha wazi na kitufe cha kupakua, yeyote anaondoka na mchezo wako mzima, picha na maandishi.

Sasa punguzo. H5P haitengenezi vocha. Chemsha bongo yake inaweza kuonyesha ujumbe kulingana na alama, na wapo wanaoandika humo neno la punguzo la WooCommerce, plagini ya duka ya WordPress. Inafanya kazi, lakini neno ni moja kwa wote, linasomeka kwenye msimbo wa ukurasa, na likishaingia kwenye kundi la WhatsApp halirudi. Ukiamua kulitumia, liwekee idadi ya juu ya matumizi, kiwango cha chini cha manunuzi na tarehe ya mwisho. Anayetaka kila mchezaji apate namba yake ya vocha kwa kuacha barua pepe atafute plagini ya gurudumu la bahati, akikumbuka kwamba hapo anakusanya taarifa binafsi: Kenya ina sheria yake ya mwaka 2019, Tanzania ya mwaka 2022, na zote zinakutaka umweleze mtu unazichukua kwa kazi gani.

Matokeo ya wageni nayo hayahifadhiwi. Plagini ya H5P inaweka rekodi za walioingia na akaunti tu. Dawa ni H5P.externalDispatcher, sehemu ya H5P inayotangaza kila anachofanya mchezaji: isikilize kwa mistari michache ya JavaScript, na kila tukio la completed (mchezo umemalizika) litokeapo, litume Google Analytics, huduma ya Google ya takwimu za tovuti. Linganisha idadi hiyo na ya waliofungua ukurasa. Wanaomaliza wakiwa wachache, punguza jozi hadi 6 kabla hujagusa kitu kingine.